Kukatiwa maji hakufuti deni, kunaliongezea gharama

Ndugu Mhariri,

Barua za kulalamikia kukatiwa maji hazikosekani magazetini. Nyingi zinasimulia siku fundi wa mamlaka ya maji alipofika getini na spana yake. Yaliyotangulia siku hiyo hayasemwi sana, na yanayofuata baada yake ndiyo kabisa. Naomba nafasi niyaseme hayo, maana huko ndiko fedha ya kaya inakopotelea. Nazungumzia miji ya Tanzania Bara, ambako ankara hutumwa kwa ujumbe wa simu na kulipwa kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo.

Nianze na hesabu, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba ukishakatiwa, angalau gharama zimesimama. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au madumu 50 ya lita 20. Bei za mamlaka huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na hazifanani nchi nzima, hivyo kwa mfano wetu tuchukue shilingi 1,800 kwa uniti. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, inamaliza lita 360, ambazo ni madumu 18. Kwa siku 30 ni uniti 10.8, sawa na shilingi 19,440. Familia hiyohiyo ikikatiwa na kuanza kununua kwa muuza maji wa mkokoteni, tuseme shilingi 200 kwa dumu, madumu 18 kwa siku yanafika shilingi 108,000 kwa mwezi. Hakuna anayeitoa hiyo. Kinachotokea ni kubana: nguo zinasubiri Jumamosi, choo kinamwagiwa maji yaliyofulia, watoto wanaoga kwa zamu. Matumizi yakishuka hadi nusu, bado zinatoka shilingi 54,000. Hiyo ni karibu mara tatu ya ankara iliyoshindikana, kwa nusu ya maji, na deni liko palepale.

Anayekimbilia kisima cha jirani naye ana hesabu yake. Maeneo mengi ya Dar es Salaam visima vina chumvi, na kwenye makazi yaliyobanana kisima kifupi kinaweza kuwa hatua chache tu kutoka shimo la choo. Chumvi utaijua kwa sabuni kukataa kutoa povu. Vijidudu vya kuhara havijulikani kwa kuonja, vinataka maji yachemshwe, na mkaa wa kuchemshia hauandikwi kwenye ankara yoyote.

Sasa kukata kwenyewe. Watu huongea kana kwamba kukatwa ni kitu kimoja, kumbe kuna ngazi. Ya kwanza ni kufunga koki iliyo kabla ya mita na kuitia lakiri au kufuli. Mita inabaki mahali pake, bomba halijaguswa, na ukilipa fundi anakuja kufungua kwa dakika chache. Ya pili ni kung'oa mita. Hapo ncha mbili za bomba zinabaki zinachungulia nje, na zisipozibwa kwa plagi, mchanga na wadudu wanaingia na kukusubiri. Ya tatu huwakuta wenye deni sugu, au waliokamatwa wamejifungulia wenyewe. Bomba lako linakatwa kule linakotokea, kwenye klampu, kile kibano kinacholiunganisha na bomba kuu la mtaa. Kurudi kutoka ngazi hiyo ni karibu sawa na kuunganishwa upya: kuchimba, kununua bomba na viungio, na kama bomba kuu liko ng'ambo ya barabara, suala la kuvusha bomba nalo linarudi mezani. Anayesema "si wameshakata, watanifanya nini tena" bado yuko ngazi ya kwanza na hajui kuna nyingine mbili. Tena tozo ya kurudishiwa huduma hailipwi kutoka kwenye deni, inakaa juu yake. Ukilipa deni lote ukasahau tozo, ambayo inaweza kuja kwa kontroo namba yake, fundi hatumwi, nawe unakaa unasubiri ukilaani uzembe wa ofisi.

Mara nyingi haya yote hayaanzi na mtu aliyekusudia kudhulumu. Yanaanza na ankara moja ya kushtua. Nyumba iliyozoea uniti 10 inaletewa 34. Mwenye nyumba anang'aka: "Tuko wanne tu, hizo 34 tumezinywa lini?" Anagoma kulipa. Mwezi wa pili ankara inakuja tena, naye bado amegoma, lakini hajaandika popote wala hajakanyaga ofisini. Mfumo wa ankara haujui kwamba umegoma, unajua hujalipa. Ilani inatoka, na baada ya ilani, spana.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa ankara usiyoiamini, dawa ya kwanza ni kwenda kwenye mita. Linganisha namba ya mita iliyochongwa kwenye chuma au plastiki na ile iliyo kwenye ankara. Namba za majirani wawili huweza kubadilishana, hasa mita zikipandwa pamoja ukutani. Kisha soma tarakimu. Kwenye mita nyingi za majumbani tarakimu nyeusi ni uniti kamili, na nyekundu ni sehemu za uniti, yaani malita. Kinachoingia kwenye ankara ni nyeusi. Chukua usomaji wa sasa uliomo kwenye ankara, uulinganishe na unachokiona. Kama mita inaonyesha 0412 na ankara imeandika 0431, umetozwa maji ambayo hayajapita. Huko ni kukosea kusoma au ni makadirio. Makadirio hutokea msoma mita akikuta geti limefungwa au mbwa yuko nje. Wakikukadiria chini miezi mitatu, siku mita inaposomwa kweli malimbikizo yote yanashuka kwa mkupuo, nawe unadhani umeibiwa wakati ni maji uliyoyatumia.

Usomaji ukilingana, tafuta uvujaji kabla ya kumtuhumu mtu. Usiku baada ya wote kulala, funga mabomba yote, piga picha mita, na alfajiri kabla ya mtu kuamka piga nyingine. Mita nyingi zina kinyota au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, maji yanakwenda mahali. Ila hakikisha tanki la juu limejaa kwanza, la sivyo utakuwa unapima maji yanayopanda tankini.

Mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni choo cha kuvuta. Mpira wa chini kwenye tanki la choo ukichakaa, maji yanateleza ndani ya sinki bila kelele. Mimina chai ya rangi iliyokolea kwenye tanki, usivute kwa nusu saa, halafu angalia sinki. Ukiona rangi, umempata. Kimchirizi kinachojaza lita moja kwa dakika tano kinaonekana si kitu. Lakini hiyo ni lita 12 kwa saa, 288 kwa siku, 8,640 kwa mwezi, yaani uniti 8.6. Kwa bei yetu ya mfano ni zaidi ya shilingi 15,500 kila mwezi, na mpira wenyewe ni kitu cha kununua duka la vifaa vya ujenzi na kubadilisha mchana mmoja. Mshukiwa wa pili ni boya la simtanki. Likigoma kufunga, maji yanamwagika kwa bomba la ziada lililoelekezwa nyuma ya nyumba, penye migomba, na migomba haimwambii mtu. Wa tatu ni bomba lililozikwa kati ya mita na nyumba. Huyo ndiye mgumu, ila ana kipimo. Funga valvu ya kuingilia nyumbani, na kama kinyota bado kinazunguka, tundu liko ardhini.

Uvujaji baada ya mita ni mzigo wa mteja. Kabla ya mita ni wa mamlaka. Mpaka huo uujue kabla ya kwenda kugombana dirishani.

Kama hakuna uvujaji, ijaribu mita yenyewe. Andika tarakimu zote pamoja na nyekundu, jaza lita 100 kwa bomba lililofunguka vizuri, soma tena. Tatizo ni dumu. Dumu liitwalo la lita 20 likijazwa hadi mdomoni huchukua zaidi ya lita 20, na ukipima kwa hilo mara tano utaipa mita kosa lisilo lake. Pima kwa mzani, maana lita moja ya maji ni kilo moja, kisha toa uzito wa dumu tupu. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mita mpya ya kawaida ya nyumbani kukosea asilimia 2 maji yakitiririka vizuri, na asilimia 5 yakiwa kidogo sana. Kwa hiyo ukikuta tofauti ya lita mbili au tatu kwenye mia, acha. Ukikuta kumi, una hoja ya kuomba mita ipimwe karakana.

Wapo wanaolaumu hewa, kwamba maji yakirudi baada ya mgao huisukuma hewa iliyo bombani nayo huzungusha mita. Suala hilo ni la kweli, ila kwa maoni yangu linasingiziwa kuliko linavyostahili. Choo kibovu kimekula uniti nyingi kuliko hewa. Anayehofia afunge valvu iliyo baada ya mita maji yanapokatika, aifungue polepole yakisharudi na kutulia.

Ukishapata ushahidi wako, andika barua kwa mamlaka yenye namba ya akaunti, namba ya mita, mwezi unaobishaniwa, usomaji wa ankara na uliouona, na picha zenye tarehe. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: lipa ile sehemu usiyoibishia. Kama kawaida yako ni uniti 10 na umetozwa 34, lipa za 10 na uandike kwenye barua kwamba zinazobishaniwa ni 24. Mtu mwenye barua iliyogongwa muhuri na malipo ya mwezi huohuo ni mlalamikaji. Asiye navyo anahesabiwa mdaiwa kama wadaiwa wengine. Mamlaka isipokujibu au ikikujibu usiporidhika, unapeleka malalamiko EWURA, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, rufaa huenda Baraza la Ushindani.

Kwa anayekubali deni ila mfuko umekataa, njia ni kulipa kwa awamu, na mlango huo uugonge kabla ya spana. Ukiomba ukiwa na maji unaomba awamu tu. Ukiomba baada ya kukatwa, unaomba awamu na tozo juu yake. Mikataba hii huvunjika kwa sababu moja inayojirudia. Mwenye deni la shilingi 240,000 anakubaliana miezi sita, shilingi 40,000 kila mwezi. Analipa 40,000 kwa uaminifu na kusahau kwamba ankara ya mwezi husika, tuseme 20,000, nayo inaendelea. Alitakiwa kutenga 60,000. Mwezi wa sita anakuta amemaliza deni la zamani na kufuga jipya la 120,000. Kama 60,000 huiwezi, omba miezi kumi: 24,000 na ankara, jumla 44,000.

Nyumba za kupanga zina balaa la peke yake. Akaunti iko kwa jina la mwenye nyumba, ilani inaingia kwenye simu yake akiwa Moshi au Songea, na wapangaji wanajua habari siku bomba linapokauka. Wapangaji sita, mmoja halipi, wote wanakauka. Mita ndogo za kila chumba zinasaidia, lakini jumla yake mara nyingi haitalingana na mita kubwa. Kuna bomba la uani ambalo halina mwenyewe, kuna uvujaji katikati, na mita za bei rahisi hazisomi maji yanayopita kwa kimchirizi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba tofauti hiyo inagawanywa kwa vyumba, na fedha ikusanywe siku tano kabla ya mwisho wa kulipa, si siku yenyewe. Anayenunua nyumba adai taarifa ya akaunti ya maji kabla ya kutoa fedha, maana ukienda kuomba maji yarudishwe kwenye kiwanja hicho, deni la aliyekuuzia ndilo litakalokupokea.

Kisha kuna wale wanaomwita kijana wa mtaani aje na spana usiku. Kujirudishia maji yaliyokatwa, au kuchepusha bomba lipite kando ya mita, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Aliyekuwa na deni tu anageuka mshtakiwa, na bomba linapanda hadi ngazi ile ya tatu. Kitaalamu pia ni hatari. Viungio vya kuiba hufungwa haraka, gizani, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na huvuja. Siku ya mgao presha ikishuka, tundu lililokuwa likitoa maji linavuta ndani kilichopo nje, na mifereji ya mitaa yetu tunaijua. Uchafu huo hauchagui aliyeiba. Unatokea kwenye bomba la jirani aliyelipa.

Jirani huyohuyo akikuonea huruma na kukurushia mpira wa maji juu ya ukuta, ajue kwamba matumizi ya nyumba mbili yanasomwa kwenye mita yake. Kama bei za mamlaka yake hupanda kadiri uniti zinavyoongezeka, atalipa daraja asilolizoea.

Siku maji yakirudi usifurahie kwa kufungua bomba la jikoni. Bomba lililokaa tupu limebanduka kutu na limekusanya mchanga. Fungua kwanza bomba la chini kabisa la uani, liache litiririke hadi liwe safi, ndipo uruhusu maji kupanda tankini. Mtiririko ukiwa dhaifu kuliko zamani, chujio dogo la kwenye mita huenda limeziba. Hilo mwachie fundi wa mamlaka, maana lakiri ikikatika kwa mkono wako utaulizwa. Washa, yaani vile vipete vya mpira ndani ya koki, zikiwa zimekauka zitavuja, kwa hiyo rudia kipimo cha usiku wiki hiyohiyo. Tanki lililokaa bila maji lisuguliwe. Kwa tanki la lita 1,000, lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, tanki lijazwe, likae saa 12 au zaidi, kisha maji yote yamwagwe bila kunywewa. Uniti moja imekwenda, hiyo nayo iandike kwenye gharama za deni.

Wapo wanaouliza kwa nini tukatwe kabisa wakati maji ni haki, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka hivyo Julai 2010. Si swali la kipuuzi. Uingereza, sheria ya mwaka 1999 inakataza kampuni kukatia maji nyumba ya kuishi kwa sababu ya deni. Wanamdai mtu kwa njia nyingine, ikiwemo mahakama. Kwetu sheria inaruhusu kukata, na wenye mamlaka wana jibu lao. Mtambo wa Ruvu Chini, unaosafisha maji ya mto Ruvu, umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196, na maji hayo hayapandi Dar es Salaam yenyewe. Yanasukumwa kwa umeme na kutibiwa kwa dawa, na vyote vinalipiwa. Shinyanga mnyororo ni mrefu zaidi: kaya inadaiwa na SHUWASA, mamlaka ya maji ya mji huo, ambayo hununua maji ya Ziwa Victoria kwa jumla kutoka KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, ambayo nayo inalipa umeme wa kuyavuta kutoka Ihelele, kando ya ziwa. Vijijini, chombo cha watumia maji kikikosa makusanyo, pampu ikiungua inakaa imeungua. Nakubaliana na jibu hilo kwa sehemu. Lakini mamlaka zisichanganye mambo mawili: maji yaliyosomwa, yakatozwa na hayajalipwa ni deni, na lina jina la mtu. Yanayomwagika barabarani wiki nzima baada ya bomba kuu kupasuka na kuripotiwa hayana jina, na hakuna spana inayofika huko kwa haraka ileile.

Kwa hiyo ninaziomba mamlaka. Ujumbe wa ankara uonyeshe wazi kama mita imesomwa au imekadiriwa. Neno moja litapunguza foleni dirishani. Ilani ya kukata ibandikwe kwenye nyumba yenyewe, mbali na kutumwa kwenye simu ya mwenye akaunti, ili mpangaji aione. Na fundi anayekata aache karatasi inayosema amekata kwa ngazi ipi, deni ni kiasi gani, tozo ya kurudisha ni kiasi gani, na kontroo namba ya kila kimoja.

Fundi bomba,
Tabata, Dar es Salaam